Sabuni Niliyoinywesha Maji

Nusu ya nyumba za Kitengela zimesimama kwa matofali yangu. Sijisifu, naeleza tu. Watu wenye digrii mbili, tatu, wanalala ndani ya kuta nilizozitengeneza mimi niliyeacha shule darasa la sita, na asubuhi wakipita na magari yao mbele ya uwanja wangu wananipungia mkono vile mtu humpungia askari wa geti. Mimi nawapungia pia. Najua ukuta wa chumba chao cha kulala uko na mchanga kiasi gani. Wao hawajui.

Nilianza kwa kuchonga mawe kwenye machimbo, nyundo na tindo, wakati mahali hapa palikuwa nyasi, swara na upepo. Leo niko na mashine ya matofali, niko na meza ya kutetemesha kabro, yale matofali ya kutandika chini, na niko na fundi wa mashine ambaye huniita bosi hata nikiwa sipo. Hiyo ya kuniita nikiwa sipo aliniambia mwenyewe.

Na kama kuna kitu najua kushinda profesa yeyote ni hiki: tofali likitoka kwenye moldi bado si tofali. Lazima linywe maji. Asubuhi na jioni, siku saba, chini ya magunia yaliyolowa. Ukilinyima, upepo utalikausha haraka na litaanza kupasuka mistari midogo kama nywele. Siku utakapoliweka ukutani litakuaibisha mbele ya watu. Nasema haya mapema ili nikifika pale nilipoharibu mambo mjue kwamba sikuharibu kwa ujinga. Niliharibu kwa ujuzi.

Msichana wangu wa kwanza amebeba jina la mama yangu, kwa hivyo mimi humwita mama. Nilimsomesha mpaka chuo kikuu, akatoka huko na digrii ya kemia. Tulifanya sherehe, mbuzi wakachinjwa, mchungaji akasimama akasema nchi imepata mwanasayansi. Nchi ilifurahi sana. Ikamwacha kwenye kochi langu miaka miwili.

Alituma barua za kazi mpaka simu yake ikaanza kupata moto. Alipochoka, akaleta habari nyingine. Kuna ajenti Nairobi anapeleka watu Ghuba, kazi ya nyumba, mkataba wa miaka miwili. Yaani kemia yote ile ya miaka minne, hesabu zile zenye herufi nyingi kuliko namba, aende nazo kuchanganya maji na dawa ya kuosha choo cha mtu. Alienda akatengeneza pasipoti, akaileta, akaiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni. Kila nikikaa kula naiona. Mke wangu akaanza kuomba kwa sauti kabla ya chakula, maombi marefu ya kusikiwa na mtu fulani pale mezani, mpaka ugali unapoa.

Mimi nimebishana na watu wa kaunti, nimebishana na mabroka wa mashamba, nimemfukuza dereva wa lori aliyeniletea mchanga wenye udongo. Lakini neno moja, usiende, lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikawa namwambia tu, "Mama, ukienda ubebe sweta. Hizo nyumba zao nasikia ziko na baridi ya mashine."

"Sawa, Baba."

Hivyo ndivyo mazungumzo yetu yalivyokuwa.

Sasa sabuni. Mtu ambaye hajaoga maji ya visima vya Kitengela hawezi kuelewa. Ni maji ya chumvi. Unajipaka sabuni, sabuni inakuangalia tu, haitoi povu. Ukimaliza kuoga ngozi inabaki nyeupe kama mtu aliyelala kwenye gunia la simiti. Tena katika nyumba yangu kuna sheria ya tangu zamani kwamba kipande cha sabuni hakitupwi, hata kikibaki chembamba kama ukucha. Kinawekwa kwenye mkebe chini ya sinki. Watoto wangu wamenicheka kwa huo mkebe tangu wajue kucheka. Siku moja, kwa kuchoka kukaa, huyo mwanasayansi wa nchi akaumwaga mkebe mezani, akavikwaruza vile vipande vyote kwa kile kikwaruzo cha karoti, akavitia kwenye sufuria ndogo, na sufuria ndogo akaiweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka.

Nilisimama mlangoni nikafurahia kipindi. Alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya chai, na ndani ya simu kulikuwa na mama mmoja wa ng'ambo, jikoni kweupe kama hospitali, anasema utie maua ya zambarau uliyochuma bustanini kwako. Bustanini kwetu kuna pipa na waya. Kwa hivyo msichana wangu akatia alichopata: maziwa ya mbuzi kutoka kwa jirani yetu wa Kimasai, asali vijiko viwili, na utomvu wa osuguroi, ule mshubiri mchungu unaoota kwenye mawe huku kwetu bila kuombwa na mtu. Akakoroga polepole, moto mdogo, mpaka ikawa nzito kama uji wa mzazi. Akaimimina kwenye moldi ya mbao.

"Mama," nikamwambia, "kazi yenyewe ni hii? Kuyeyusha sabuni ambayo mtu mwingine ameshatengeneza, halafu kuitia maziwa?"

Hakugeuka. "Na wewe, Baba, simiti unatengeneza wewe?"

Nilirudi uwanjani kwangu. Kulikuwa na kazi.

Lakini nitasema ukweli kwa sababu niko na umri wa kuusema. Ile sabuni ilitoa povu. Kwa maji yale yale ya chumvi, ilitoa. Si povu la kuringia, lakini povu. Mke wangu aliacha kujikuna. Mimi niliitumia kwa siri wiki nzima huku nikiendelea kuikejeli mezani.

Siku chache baadaye nikapeleka kabro Kajiado, kwa mama mmoja wa Kimasai mwenye nyumba za wageni. Watalii wanaoshuka kwenda Namanga hulala kwake. Ni mama wa maneno machache, mwenye shanga shingoni na kalamu sikioni. Nikaomba kuosha mikono, nikapewa kijisabuni kidogo kama tembe ya malaria. Nikakiangalia, nikamwangalia yeye, na mdomo wangu ukaanza kazi yake.

"Mama, hii ndiyo unawapa wazungu? Kwangu kuna mwanasayansi anatengeneza sabuni ya maziwa na osuguroi, wakiioga mara moja watakataa kurudi kwao."

"Mwanasayansi gani?"

"Msichana wangu. Ana digrii."

Alitoa kalamu sikioni. "Niletee sitini. Mwezi mmoja kutoka leo. Nikizipenda nitakuwa nachukua kila mwezi. Nisipozipenda utarudi nazo ukaoge."

Nilipomwambia msichana wangu hakuruka kwa furaha. Alikaa chini. Alikuwa hajawahi kutengeneza zaidi ya sita kwa mara moja, na huo mwezi mmoja ndio huo huo ajenti alikuwa amempa wa kutoa jibu. Halafu akasema, mbele ya mama yake, kwa ile sauti ya mama yangu:

"Sikiza, Baba. Huyo mama akizichukua, namwambia ajenti hapana. Akizikataa, naenda. Na sitaki kuombewa mezani."

Mke wangu alifunga mdomo. Mimi nikasema sawa, kama mtu anayekubali bei ya kokoto.

Alinunua sabuni nyeupe ya kipande, ile isiyo na manukato, akakwaruza siku mbili mpaka vidole vikatoka damu. Akayeyusha, akatia maziwa, asali, osuguroi, akamimina, akakata. Sitini kamili. Nyumbani jikoni kuna mvuke, kwa hivyo nikampa stoo yangu ya uwanjani, yenye madirisha mawili na upepo unaopita. Akazipanga kwenye rafu moja moja, zisigusane, akasema zinataka wiki nne hivyo. Kisha ajenti akamwita Nairobi siku tano, mafunzo ya kupiga pasi na kutandika kitanda. Baada ya chuo kikuu nadhani yalimpa shida sana.

"Baba, utaniangalizia?"

"Mama, mimi naangalia matofali elfu nyingi. Nitashindwa na sabuni sitini?"

"Angalia tu," akasema.

Siku ya kwanza niliangalia. Siku ya pili asubuhi nikaingia stoo, na nilichokiona kilinifanya nivue kofia. Upepo wa Kitengela ulikuwa umezipiga, na juu ya zile sabuni kulikuwa na mistari. Midogo, kama nywele. Zilikuwa zinapasuka.

Mtu mwingine angempigia simu mwenye sabuni. Mtu wa darasa la nane labda. Mimi nilikuwa na miaka ishirini ya kazi, nikajua hapa hakuna haja ya kumsumbua mtoto akiwa kwenye pasi. Nilichukua magunia safi, nikayalowesha, nikazifunika. Nikachukua jagi, nikazinyunyizia, kila moja kwa haki. Asubuhi na jioni. Na maji yenyewe hayakuwa ya kisima, nilitoa ya mvua kwenye tangi, yale tunayowekea chai ya wageni. Fundi wangu akapita mlangoni akaniona.

"Bosi, hizo pia zinanyweshwa?"

"Kila kitu kinachotoka kwenye moldi kinanyweshwa," nikamjibu. Akatingisha kichwa kwa heshima. Hiyo ndiyo shida ya kuheshimiwa.

Siku tatu nilinywesha. Sikufunua gunia hata mara moja, kwa sababu tofali halifunuliwi funuliwi. Na niseme kitu: zile siku tatu nilikuwa na furaha. Kila nikiinamisha jagi nilikuwa nasema moyoni, hii ni ya kukaa, hii ni ya kukaa.

Msichana wangu aliporudi alipitia stoo kwanza, na mkoba bado begani. Mke wangu alikuwa ameniletea chai. Tukasikia gunia likifunuliwa.

"Baba, nani amemwaga maji hapa?"

"Hakuna aliyemwaga. Nimezinywesha."

"Umenywesha nini?"

"Hizo."

Nikaingia nikaona. Zilikuwa zimevimba, zinateleza, zimeshikana tano tano, na chini ya rafu kulikuwa na kidimbwi cheupe kinachonukia asali. Ugali wa mgonjwa ni mgumu kuliko zile sabuni.

"Baba. Sabuni. Umeipa sabuni maji."

"Zilikuwa zinapasuka, mama."

"Sabuni, Baba!"

"Ni maji ya mvua," nikasema. "Si ya chumvi."

Mke wangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango, chai ikamwagika, akasema atakapokufa wamwandikie hiyo kwenye kaburi. Halafu akaona msichana ameketi juu ya gunia la simiti na mkono mdomoni, na kicheko kikakatika kama kimezimwa kwa swichi.

"Labda ni ishara," msichana akasema polepole. "Wacha nimpigie ajenti. Nimwambie ndiyo, tumalize."

Akatoa simu.

"Mzee," mke wangu akaniambia, "sema kitu."

Hapo ndipo lile neno lilipaswa kutoka. Nililitafuta. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Lakini hiyo si huyeyushwa tena?"

Aliniangalia.

"Naangalia tu kazi yenyewe," nikasema. "Simiti ikishashika imeshika, hata ulie. Lakini hiyo yako, si ndiyo ulianza nayo ikiwa takataka za mkebe? Hizi ni takataka nzuri zaidi ya zile."

Sijui kama alicheka au alipumua. Simu ilirudi mfukoni. Wiki tatu zilikuwa zimebaki.

Alizikusanya zote kwenye karai, na safari hii sikuruhusiwa kushika hata mwiko. Kwa sababu ya ukarimu wangu zilikuwa na maji mengi, kwa hivyo alizipika siku nzima kwa moto mdogo ili mvuke utoke, akiongeza asali mwishoni. Ilipokuwa tayari haikumiminika tena. Ilikuwa mabonge mabonge, nzito, inang'ang'ania mwiko. Akaishindilia kwenye moldi ya kwanza, ikapoa, akaikata. Ndani ilikuwa na matundu kama mkate.

Nilikuwa nimesimama mbali, mikono nyuma, kama mtu aliyefukuzwa kanisani. "Hiyo iko na hewa," nikasema.

"Naona, Baba."

"Tofali likiwa na hewa hivyo halijashindiliwa. Mkono hauwezi. Hata ugonge namna gani."

Akaweka kisu chini. "Basi ongea. Nini inaweza?"

Tulibeba moldi mpaka kwenye meza ya kabro. Niliifuta ile meza na kitambaa, tukaiosha, tukatandika karatasi safi. Sabuni ikiwa bado moto akaijaza kwenye moldi, nikawasha mashine. Meza ikatetemeka, na yale mabonge yakaanza kukaa, polepole, hewa ikitoka juu kwa mapovu madogo, mpaka uso ukawa laini kama kioo. Fundi wangu alikuwa ameacha kazi kututazama.

"Bosi, sasa tumeanza kujengea watu ukuta wa kuogea ama?"

"Leta moldi nyingine na ufunge mdomo."

Msichana wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anatetemeka pamoja nayo, meno yakigongana, na akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mchungaji aseme mambo ya nchi.

Siku ya Kajiado tulibeba zote sitini kwenye pikapu, zimefungwa karatasi za kaki. Mama wa nyumba za wageni alimsalimu msichana wangu kwa Kimasai, "Takwenya," na yeye akajibu, "Iko," kwa heshima, vile alivyofundishwa na jirani. Mimi sikusalimiwa sana. Mama alichukua moja, akaenda nayo kwenye bomba lake, akanawa. Povu likatoka. Akanusa mikono. Halafu akachukua kisu akaikata katikati, akaitazama ndani dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Haina tundu hata moja. Nani ameishindilia hivi?"

"Ni Baba," msichana akasema.

Akaibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaacha alama. "Na huu ulaini?"

"Huo pia ni Baba."

Yule mama akanigeukia, akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu, na nikajua wanawake wawili wameelewana bila mimi. "Bado ni mbichi," akasema. "Mgeni akiiacha kwenye maji itaisha siku mbili. Sijakataa, na sijachukua. Rudini nazo baada ya wiki mbili zikiwa kavu. Hapo nitasema."

Tukazipakia tena kwenye pikapu, tukashika njia ya kurudi. Tulipofika Isinya ajenti akapiga simu, kutaka jibu lake. Nilikaza macho barabarani. Nilikuwa nasikiliza kwa kila kiungo cha mwili.

"Hapana, wiki hiyo siwezi," nikamsikia akisema. "Niko na sabuni zinakauka." Akasikiliza. "Sabuni. Ndiyo. Ukingoja, ngoja. Usipongoja ni sawa."

Sasa niseme haraka yaliyofuata: zilikauka, mama wa Kajiado akazichukua zote, na mwezi uliofuata akataka mia. Pasipoti bado iko kwenye kabati na vikombe, imeshika vumbi la Kitengela kama kitu kingine chochote.

Lakini zile wiki mbili, wakati hakuna aliyejua, ndizo zilizonichosha kuliko machimbo. Kila asubuhi nilipita stoo. Msichana wangu alikuwa ameandika mlangoni kwa chaki, herufi kubwa, ili hata mtu wa darasa la sita asikose: MAJI HAPANA. Nilikuwa naingia, nazigeuza moja moja ili upepo uzipate pande zote, nazibonyeza kwa kidole. Zilikuwa zinakaza. Kila siku zinakaza. Na kila zikikaza ndivyo siku ya jibu inavyokaribia, na mimi sikutaka siku hiyo ifike. Sabuni mbichi ilikuwa inamweka nyumbani. Sabuni kavu, hakuna aliyejua.

Asubuhi moja, zimebaki siku tatu, nilijikuta nimesimama mbele ya rafu na lile jagi mkononi, limejaa maji ya mvua. Siwezi kueleza lilifikaje. Nilikuwa nafikiria tu kwamba kidogo, matone, kona ile ya nyuma, hakuna atakayejua. Wiki moja zaidi.

"Baba."

Alikuwa mlangoni, amevaa aproni, mikono kiunoni. Mama yangu kabisa.

"Hilo jagi ni la nini?"

"Nilikuwa na kiu," nikasema.

Aliliangalia jagi, akaniangalia mimi. Nafikiri alikuwa ameshaelewa yote, na lile neno lililokwama pia. Hakunigombeza.

"Kunywa basi," akasema.

Nikanywa. Akasimama pale pale mpaka nikamaliza jagi zima.